Blanketi Lisilo na Tundu

Nakumbuka siku moja huko kwetu Ushirombo, mwanangu, siku niliyomwonea wivu mtu nisiyemjua hata kwa sura. Acha kwanza hilo furushi, kaa hapa karibu na cherehani nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Kahama kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa Nyahanga, na tayari nilijiona nina duka langu, wateja wananigombea. Cheka tu. Bibi aliyenilea alikuwa ameniahidi niende na blanketi lake zuri, jekundu lenye mistari myeusi, alilonunuliwa na mjomba alipobahatika kupata dhahabu kidogo kule Geita. Lilikaa sandukuni muda wote. Tulilokuwa tunajifunika lilikuwa la kijivu, liliwahi kuungua na cheche za jikoni likabaki na tundu.

Jumapili hiyo padri akatangaza kwamba watu waliokimbia vita nchi jirani wamefika kambini, wengi wamekuja mikono mitupu, na gari la parokia litawapelekea misaada. Nililia palepale kanisani. Machozi yangu mimi yako karibu. Lakini tulipofika nyumbani Bibi akafungua sanduku, akatoa lile jekundu, akalianika juani. Machozi yakakauka.

Nikamwona kabisa akilini msichana wa rika langu, amejifunika blanketi langu hadi kidevuni, anakoroma kwa raha. Nikamchukia. Nikaosha vyombo kwa kuvigonganisha. Bibi naye, huku anaimba, alikuwa anachambua michembe, vile viazi vyetu vya kukausha: vyeupe vizima anatia kwenye gunia la hao wageni, vilivyovunjika anatuachia sisi. Nikaona hata viazi vimenigeuka.

“Mbona umenuna kama mtu aliyeletewa mke mwenza?” akaniuliza.

Nikamjibu bila kumtazama kwamba majirani wote wanatoa vilivyochakaa, na kwa mtu asiye na kitu lile la kijivu lingetosha kabisa. Kwani hao ni nani kwetu hata wapewe langu?

Bibi hakukasirika. Alilivuta la kijivu, akapenyeza mkono kwenye tundu, akanichezeshea vidole upande wa pili.

“Hili ni letu, mayu,” akaniambia, yaani mama kwa kikwetu. “Sisi tunajua tundu lilipo, tunaligeuzia miguuni tunalala. Huyo aliyekimbia na roho yake tu, akifika gizani aanze kupapasa atafute tundu? Tangu lini mgeni akalazwa hivyo kwangu?”

Kisha akasema ahadi yake kwangu bado ni ahadi. Nikilitaka jekundu, atalirudisha sandukuni na hatanisema. “Ila ukijifunika,” akaongeza, “usije ukamwota.”

Nililipeleka mwenyewe Jumapili iliyofuata. Usidhani niliona raha. Nililinusa njia nzima, na mbele ya altare vidole vilikataa kuliachia, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu na kuku wake akanisukuma kwa kiwiko.

Kahama nilienda na la kijivu, tundu nikaligeuzia miguuni. Siku za baridi nilimwonea wivu yule msichana, mara nikajikuta namfurahia kwamba yeye hana tundu la kutafuta.

Sasa turudi kwenye hilo furushi lako la kuwapa hawa waliokimbia vita. Nimeliona. Kaptula isiyo na zipu, na shati ambalo wewe mwenyewe hulivai hata kwenda kukata kuni. Sweta jipya la bluu umelificha chini ya mto. Mwanangu, wape kile ambacho ungempa mgeni aliyebisha hodi hapa mlangoni. Kibovu kibaki kwetu. Mimi ni fundi, nitatia kiraka. Na wivu ukikubana usiusubiri uishe ndipo utoe. Toa nao hivyohivyo. Moyo wangu mimi ulichelewa, lakini ulifika.

Mungu akujalie usikose cha kumfunika mgeni. Na ikitokea siku moja mgeni ni wewe, akukutanishe na mtu atakayekufungulia sanduku lake.