Chane Tisa kwa Familia Nne

Nina hasira za karibu, na nikishika chaki huwa mbaya zaidi. Mwaka juzi, katika shule ninayofundisha huku Kanazi, niliwauliza darasa la nne: mkungu wa ndizi una chane tisa, familia nne zigawane sawa, zitabaki ngapi? Nilitaka mbili mbili, ibaki moja. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema haibaki kitu. Nikamwambia akae chini, aache kubahatisha. Darasa likaangua kicheko, nami sikuwazuia.

Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena. Kwenye daftari la hesabu akawa ananakili maswali tu, bila majibu. Bibi yake anayemlea akanifuata shuleni.

"Waitu mwalimu," aliniita kwa heshima ya Kihaya, "akifeli mtihani wa darasa la nne, kurudia hapana. Atabaki nyumbani tulime naye kibanja cha migomba."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Jumatatu nikafunga mkungu kwenye pikipiki, nikauweka mbele ya darasa pamoja na panga. Nia yangu ilikuwa yule binti aione kwa macho yake ile chane inayobaki, yaishe. Nikamwita. Akaja akiburuta miguu, lakini panga alilishika vizuri kuliko mimi. Chane sita za juu, zile nene, akazipanga mbili mbili kwa familia tatu. Tatu za chini akazirundika pamoja kwa familia ya nne. Akaanza kueleza kwa Kihaya, akanitazama, akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, za chini ni ndogo. Ukimpa mtu mbili za chini, umemwonea."

Hakuna aliyecheka. Wote walilijua hilo, maana kila mmoja amewahi kutumwa kibanjani. Mimi, mzaliwa wa Muleba niliyekuzwa kwa ndizi, nikishika kitabu tu nazisahau ndizi zenyewe! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nilikosea mimi," nikawaambia. "Mwenzenu alipatia."

Tukaazima mizani ya kahawa kwa jirani, tukapima mafungu yote manne. Yalipishana kidogo, wakabishana namna ya kuyasawazisha mpaka kengele ikalia. Baadaye nilimweleza yule binti kwamba kwenye mtihani chane zote huhesabiwa kuwa sawa.

"Basi waandike hivyo," akanijibu.

Alifaulu. Si kwa alama za kutisha, lakini alifaulu, na bibi yake alinishika mikono yote miwili.

Januari nilipita nje ya darasa la tano. Ubaoni mwalimu mgeni alikuwa amechora kibanja chenye pande nne zilizonyooka, na binti yule alikuwa amesimama, anamwuliza kibanja cha namna hiyo kiko kijiji gani. Mwenzangu akanitazama dirishani kama anayeomba msaada.

"Mwache aseme," nikamwambia.