Ufunguo wa Siri na Droo ya Mihuri

Treni ya Lubumbashi ilinitupa Kalemie, na kutoka pale nililala siku kadhaa juu ya magunia ya saruji, katika meli ya mizigo, hadi bandari ya Kalundu. Nilishuka Uvira miguu imevimba. Hata leo nikila ndagala, dagaa wa ziwa lile, mahali popote naukumbuka mji ule, na hasira hurudi pamoja na mate.

Patron, bosi aliyeniita kazini, alikuwa na duka la simu na programu moja iliyowaonyesha wafugaji dawa za ng'ombe, vipimo vyake na siku za chanjo. Kule Mulenge, milimani kwa wafugaji, mtandao si wa kutegemea, kwa hiyo kila toleo jipya lilipanda mlima kwa pikipiki, ndani ya kadi za kumbukumbu za simu. Kazi yangu ilikuwa kulitia sahihi kwa ufunguo wa siri wa RSA, yaani faili lenye namba ndefu isiyokisika. Kila simu ilibeba ufunguo wa wazi, mwenza wake, na toleo lisilo na sahihi yangu ililikataa. Kwa watu nisiowajua, sahihi ile ndiyo ilikuwa jina langu.

Ufunguo niliuhifadhi kwenye flashi, nikaivaa shingoni.

"Weye, hiyo ni musalaba?" sekretere, katibu wa patron, aliuliza. "Padri wa mashini!"

"Mutu wa kuja anapenda kuficha," patron alisema. "Hapa kashe iko mu droo. Kila mutu anapiga, kazi inaendelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Muhuri wa ofisi, waliouita kashe, ulikaa kwenye droo isiyofungwa, na kila wakala wetu wa dawa milimani alichongewa wake ili asisumbuke kushuka. Nilieleza hadi nikachoka kwamba ufunguo ukinakiliwa, hakuna ajuaye umefika wapi.

Kisha malaria ikanilaza wiki nzima. Patron alikuja hospitali, hakuleta hata ndizi, akataka flashi na neno la siri. Nikampa. Hilo sijalisamehe, kwake wala kwangu.

Niliporudi, sekretere alinipokea akicheka. "Tumekusaidia, kaka! Ule ufunguo tumeutia mu kadi zote. Sasa kila wakala atasaini mwenyewe."

Mwezi haukuisha. Mama mmoja mfugaji wa Mulenge alisimama mlangoni, simu mkononi. Wakala wake alikuwa amekiongeza kipimo cha dawa kwenye programu mara mbili, apate kuuza chupa zaidi, akatia sahihi kwa ufunguo wangu, na simu ikakubali. Ndama wa yule mama walikufa.

"Nani anasaini hapa?" aliuliza.

Patron alininyooshea kidole. "Ni huyu."

Nilimwambia patron tutengeneze ufunguo mpya, tupande kila kijiji, tuiondoe programu ya zamani simu kwa simu.

"Tupande kutangaza aibu yetu? Panda weye, na miguu yako!"

Sekretere aliifunga droo kwa kufuli. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikaa na yule mama kizingitini, nikaifuta programu kwenye simu yake, nikamwandikia kipimo cha kweli kwenye karatasi. Aliisoma polepole.

"Na simu za wengine?"

"Waambie wafute, mama. Hata sahihi ikisema ni mimi."

Hakuaga. Nilichukua mfuko wangu, nikapanda lori la Bukavu.