Saba ya Tano Mezani kwa Mama Joyce

Leo nimejitangaza mwenyewe kwamba nahesabu karata, yaani nakumbuka zilizokwisha toka. Mbele ya mwenye meza!

Miezi minane sasa nakula kwa karata za ishirini na moja hapa Arua, anayekaribia namba hiyo bila kuipita ndiye mshindi, mtaji wangu elfu hamsini tu. Mama Joyce akigundua unahesabu, anakufukuza.

Mchana huu hesabu ikawa tamu, nikaweka zote.

Mimi ishirini. Mama kumi na nne, lazima aongeze. Saba tu ndiyo ingeniua, na saba zote nne zilishatoka.

Akavuta saba.

Nikaruka: "Mama, hii saba iko ya tano!"

"Na wewe umejua aje?"

Jamani.

Ndipo Hamisi wa boda, ambaye kila siku hujifanya mlevi hapo mezani, akasema: "Iko tano, Mama. Hata mimi nahesabu."

Mwalimu mstaafu tunayecheza naye akakohoa: "Na mimi."

Meza nzima! Kila mtu alijiona mjanja peke yake.

Mama akakiri: karata moja ilipotea, akajazia saba ya pakiti nyingine. Akanirudishia hamsini yangu, akazoa karata zake.

"Wezi nyinyi! Kuanzia kesho hapa ni ludo tu."

Nacheka mpaka mbavu zinauma, na kazi sina. Anayejua meza ya karata Koboko aniandikie inboksi.

Ila Hamisi na Mwalimu msiwaambie.