Mashine Iliyokunywa Chai ya Oili

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa haiwaki mpaka inywe chai. Ndivyo tunavyosema sisi, na wenye mashine za dizeli wote niliowahi kuwasikia hapa Mlali wanasema hivyo hivyo. Asubuhi Mama anachukua kifuniko cha soda, anakijaza oili, anaimimina kwenye tundu la kuvutia hewa. Halafu mimi nashika hendeli, nazungusha mpaka mabega yanawaka moto. Injini inakohoa, inatapika moshi mweupe, inakohoa tena, inawaka. Mama anasema, "Alhamdulillahi, imeshakunywa." Siku imeanza.

Nilikuwa nalichukia lile tundu kuliko kitu chochote pale kibandani. Vumbi la unga lilikuwa limechanganyika na oili likawa uji mweusi uliovunda, na humo ndani kulikuwa na miguu ya mende. Kila nikiinama nageuza uso. Nimemaliza kidato cha nne, wenzangu wako mjini wanasuka nywele na kupiga picha, mimi nainywesha injini uji wa mende.

Kwanza ilikuwa kifuniko kimoja. Baada ya miezi vikawa vitatu. Halafu Mama akaacha kifuniko, akaanza kutumia kikombe cha plastiki, na hakuna mtu aliyeuliza kwa nini. Nani aulize? Mtu anayekunywa chai nyingi si ana njaa tu?

Jumanne moja ilikunywa mara nne ikagoma. Wanawake kutoka juu milimani walikuwa wamekaa kwenye msingi wa kibanda na mahindi yao tangu asubuhi. Kufika saa sita bibi mmoja akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mjukuu wangu, hii inawaka au haiwaki?"

"Inawaka, bibi. Subiri kidogo."

"Kidogo hicho umekisema tangu jua liko kule." Akaonyesha mlima kwa mdomo. "Mimi nimeshuka na debe kichwani. Unataka nipande nalo mahindi yakiwa mazima?"

Akaenda kwenye mashine ya umeme iliyofunguliwa barabarani. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kutuangalia usoni. Mama alibaki amesimama na kikombe cha oili mkononi.

"Watu wakishazoea njia nyingine hawarudi," alisema. "Jumamosi wanashuka tena. Ikigoma na Jumamosi, namwita yule wa vyuma chakavu aje na mizani yake."

Nilidhani anatania. Mashine ile ndiyo iliyotulisha tangu Baba amefariki, ndiyo iliyoninunulia sare ya shule. Nikamtazama, hakuwa anatania.

Jumatano akaja fundi kutoka Mwembesongo kwa bodaboda. Huyu fundi nilikuwa simpendi tangu zamani. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia huku ameshachomoa mpira wa mafuta. Akautia mdomoni, akavuta dizeli, akaitema chini pale pale unga unapotokea. Halafu akafuta mikono kwenye gunia la mteja. Gunia la mtu! Na lina mahindi ndani!

"Mama, tatizo ni nozeli," akasema. "Inakojoa dizeli badala ya kuipuliza."

"Nozeli si ulibadilisha mwezi uliopita?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa feki."

"Na ya kabla yake?"

Akanigeukia. "Dada, wewe umesomea wapi ufundi?"

"Sijasomea. Nimeuliza tu."

"Basi kachemshe chai. Ya watu, siyo ya mashine." Akacheka mwenyewe. Dereva wa bodaboda naye akacheka.

Sikwenda kuchemsha chai. Nilikaa pale nikiangalia moshi mweupe unavyotoka kila anapozungusha hendeli, na nikawa najiuliza, nozeli zimebadilishwa, mbona moshi ni ule ule? Huo moshi unanuka dizeli mbichi. Maana yake inafika, ila haiungui. Kidato cha tatu tulifundishwa kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto, mafuta yakipulizwa yanawaka yenyewe. Mtu aliyejaza upepo baiskeli anajua, ile pampu huwa inaunguza vidole. Lakini hewa ikivuja huwezi kuibana, na usipoibana haipati moto.

Fundi alipokwenda kula, nikafunga mafuta nikashika hendeli. Pale juu kuna kishikio kidogo tunachokiinua wakati wa kuwasha ili injini iachie pumzi na mkono uwe mwepesi. Safari hii nilikiacha chini. Nikazungusha polepole. Injini iliyo nzima inatakiwa ikufikishe mahali ikusukume, kama mbuzi uliyemshika pembe. Yetu haikusukuma. Ililegea tu, na kwa ndani nikasikia "fyuuu", kama mtu anavuta makamasi.

Sasa hiyo pumzi inatokea wapi? Nikamwomba Mama azungushe. Nikaweka sikio kwenye bomba la moshi, kimya. Kwa hiyo vali ya kutolea moshi inafunga. Ikabaki lile tundu. Niliziba pua, nikaweka sikio langu kwenye ule uji wa mende, nao ukanigusa, baridi, unanata. Kimya. Mwisho nikafungua mfuniko wa kuwekea oili pembeni ya injini, nikasogeza shavu.

"Zungusha, Mama."

Pfff. Upepo ukanipiga shavuni, unanuka kama choo cha stendi. Pumzi ilikuwa inapita pembeni ya pistoni na kushuka chini kwenye oili.

"Sasa inyweshe chai."

Mama akamimina. Akazungusha mara kadhaa, halafu polepole. Hendeli ikamsukuma, akarudi nyuma hatua moja.

"Mh! Ina nguvu," akasema.

"Ni oili imeziba uwazi. Ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha, Mama. Ndiyo maana haiwaki bila chai."

Fundi aliporudi alinisikiliza huku anachokonoa meno. Akashika hendeli, akajaribu na mfuniko umefunguliwa. Akaufunga mfuniko. Kisha akamwambia Mama, siyo mimi, "Hizi ni ringi. Nilikuwa naelekea huko huko."

Alhamisi tukaifungua. Pistoni ilitoka imepakwa kitu cheusi kama lami, ringi moja imevunjika, nyingine zimekuwa nyembamba kama kucha. Fundi akapitisha kidole ndani ya silinda. Ilikuwa na michirizi kama mguu wa mtu aliyekatiza kwenye mkonge.

"Hii imekula mchanga," akasema. Akaangalia lile tundu, akaangalia tena. "Chujio la hewa liko wapi?"

"Chujio? Mimi sijui, hapo naona tundu tu," Mama akajibu.

"Mama, kila mashine inatoka nalo kiwandani. Kuna bakuli kwa chini, linawekwa oili, vumbi linanasa humo."

Ndipo nikakumbuka. Mwaka jana mashine ilikuwa inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda mjini kwenye kitchen pati ya rafiki yangu aliyekuwa anaolewa. Nilifungua chujio nikakuta ndani kumejaa uchafu wa kutisha. Kuosha nikaona kinyaa. Nikaling'oa lote, likabaki tundu tupu, injini ikanguruma vizuri, nikajiona fundi. Mfuniko wake sijui ulikwenda wapi. Lile bakuli nililitupa chini ya mpapai.

Nikatazama kule. Kuku wa Mama alikuwa ameinamia bakuli la chuma, anakunywa maji, anainua kichwa, anakunywa tena. Bakuli nimelipita mwaka mzima. Asubuhi nyingine nimelijaza maji mwenyewe.

"Nililitoa mimi," nikasema.

Fundi hakucheka. Bora angecheka. Mama akasema, "Nenda kalioshe."

Nililikwangua mavi ya kuku kwa kisu na sabuni ya unga mara tatu, na bado likanuka. Fundi alileta kutoka mjini ringi, silinda na mfuniko wa chujio uliotumika. Ijumaa jioni akamaliza kufunga.

Jumamosi bibi wa debe alikuwa wa kwanza kufika, akakaa kwenye msingi bila kutua mzigo kichwani, kama mtu ambaye bado hajaamua. Mama alitoka na kikombe cha oili, mazoea tu. Nikamwambia asimimine. Nikainua kishikio, nikazungusha mara tatu, nikakiachia. Injini ikapiga teke moja, ikawaka. Haikukohoa.

Bibi akatua debe.

Mama akairudisha oili kwenye chupa taratibu, hata tone halikumwagika. Kuku walikuwa wanazunguka chini ya mpapai wakilitafuta bakuli lao, nikaenda kuwatafutia kopo.