Ufunguo Aliouacha Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti. Ndicho kitu cha kwanza alichonikabidhi msimamizi wa majengo kule Riyadh, Msudani mrefu tuliyemwita Mushrif kwa cheo chake. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Akakiweka langoni pa jengo la ghorofa nne, akasema, "Hapa ndipo kazini kwako. Kaa." Sasa mimi, tangu utotoni Mombasa, mama akiniita kiguu na njia. Kunipa mimi kazi ya kukaa ni kama kumwekea paka samaki alinde. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepanda na kushuka ngazi mpaka wapangaji wakauliza kama nimepotelewa na kitu.

Kazi yenyewe huitwa haris. Nyinyi vijana mnaohangaikia viza leo mtadhani ni kulinda kwa rungu. Wapi! Haris ni mtumishi wa jengo zima. Likija gari la maji, yeye huvuta mpira hadi kwenye tangi la chini, kisha huwasha pampu maji yapande darini. Hubeba mitungi ya gesi, hufagia ngazi, huosha magari. Nyumba ikiwa tupu hutundika kibao cha kupangisha na kuwaonyesha wageni vyumba. Yeye mwenyewe hulala katika kijumba chini ya ngazi, bila mkataba wowote, na ikama yake, yaani kibali cha kukaa nchini, iko mkononi mwa kafili, mdhamini wake, ambaye ndiye mwenye jengo. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndilo lililokuja kunipeleka puta.

Sheria ya wapangaji sikuisomea. Niliiokota pale pale langoni. Siku moja mpangaji wa ghorofa ya pili aligombana na mwenye jengo kwa ajili ya mahali pa kuegesha gari. Mwenye jengo akapiga simu kwa ghadhabu, akataka umeme wa yule bwana ukatwe mpaka ahame. Mimi na pupa yangu nilishafungua kisanduku cha swichi, Mushrif akanidaka mkono.

"Mafi! Hakuna! Umeme wa mpangaji hukati wewe, wala yeye hakati. Anamtaka atoke? Aende mahakamani. Mahakama ndiyo itoayo mtu nyumbani kwake."

"Na bosi akikasirika?"

"Akasirike. Hasira si hukumu."

Nilimpenda mtu yule. Alinifunza pia kwamba mkataba ukiwa na uhai wake, mpangaji habanduliwi hata jengo likiuzwa. Mnunuzi hulinunua pamoja na watu wake. Nikakaa naye, ingawa neno kukaa silo. Nikaanza kuchoka na vumbi la Riyadh, na roho yangu ikawa inapiga mbio bila mahali pa kwenda. Mushrif aliponidokezea kwamba mzee mwenye jengo ana jengo jingine Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nikaomba kuhamishwa kabla hajamaliza sentensi.

Huko Nuzha ndiko nilikokutana na Bi Zuhura. Alikuwa mjane wa Kizanzibari, mmoja wa wale ambao wazee wao walihamia huko baada ya mwaka sitini na nne. Aliishi peke yake ghorofa ya kwanza tangu jengo lina rangi mpya. Siku niliyofika alinisikia nikijisemea ngazini, akafungua mlango.

"Ati, wewe Mswahili? Basi huli tena mikate ya dukani."

Tangu hapo kila Ijumaa sahani ya wali ilishuka chini ya ngazi. Na kila nilipozungukazunguka uani alinitania kutoka dirishani: "Mwanangu, hiyo ardhi utaitoboa!"

Miaka ile ndege zilikuwa zikishusha wasichana wetu kutoka Kenya na Uganda kila kukicha, waende kwenye kazi za nyumbani. Ofisi za kuwaajiri zilitafuta majengo mazima ya kuwaweka kabla hawajagawanywa kwa mabosi. Mzee mwenye jengo alikuwa amefariki, na mwanawe, tuliyemwita Ustadhi, akapata ofisi kama hiyo iliyolitaka jengo letu lote. Wapangaji wengine walikubali kuhama. Bi Zuhura akasema mkataba wake haujaisha, naye hatoki.

Kisha binti yake akajifungua Riyadh, na Bi Zuhura akaenda kumlea mzazi. Asubuhi ya safari alishuka na mkoba wake, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Ufunguo wangu huu, mwanangu. Nitunzie hadi nirudi. Na miche yangu ya mrehani usiisahau maji."

Nikapokea. Kwetu pwani, anayesafiri humwachia jirani ufunguo kama anavyomwachia salamu. Wala yeye wala mimi haikutupitia akilini kwamba kuna la kufikiria.

Siku chache baadaye Ustadhi akanikuta ninatoka kumwagilia ile mirehani. Akautazama ufunguo mkononi mwangu, uso ukamkunjuka.

"Kakukabidhi? Halas, yamekwisha! Mpangaji akikabidhi ufunguo, nyumba kairudisha. Ndivyo wanavyokwenda hata mahakimu."

Nikamwambia hakuirudisha, kasafiri. Hakunisikia. Fundi wa kufuli akaja jioni ile, na vitu vya Bi Zuhura vikapandishwa darini, juani. Mimi nililazimishwa kubeba kabati lake. Usiku sikulala.

Bi Zuhura alirudi akakuta mlango wake haumjui. Alipanda darini, akaligusa kabati lake, akalia mbele yangu. Majirani wakamwambia dua la kuku halimpati mwewe, aende akaishi kwa binti yake. Akafuta macho, akajifunga baibui vizuri, akaenda mahakamani.

Nikaitwa shahidi. Kabla ya siku hiyo Ustadhi aliniita garini mwake, kiyoyozi kikivuma.

"Utasema alikukabidhi ufunguo. Neno moja tu, na ni kweli. Ukiongeza jingine, kumbuka ikama yako iko kwa nani. Yalla, shuka."

Jamani, nilihangaika! Nilitembea kutoka Nuzha mpaka Al-Rawdah na kurudi, jua la utosi, nikijiambia kweli nusu nayo ni kweli. Lakini wali wa Ijumaa ulinikaa kooni.

Kadhi alikuwa mtu mzima, sauti ndogo. Akauliza, "Alikupa ufunguo?"

"Ndiyo."

Ustadhi akatabasamu.

"Alikupa kwa maneno gani?"

"Alisema, ufunguo wangu huu, nitunzie hadi nirudi."

"Alisema wangu?"

"Alisema wangu. Na akaniagiza miche yake niinyweshe."

Kadhi akamgeukia Ustadhi. "Hiyo ni amana. Nyumba hairudishwi kwa amana. Na hata angekuwa na kosa, wewe si mwenye kubadilisha kufuli." Akaamuru Bi Zuhura arudishiwe nyumba na vitu vyake hadi mkataba uishe.

Kesho yake nilipewa viza ya kutoka moja kwa moja. Ustadhi alisimama penye ngazi, mkono wazi, nikampa ufunguo wa kijumba changu. Hakuna aliyeniuliza nilisema neno gani. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa na sheria. Yangu ilikuwa na kazi, na kazi ilipokwisha, nayo ikaisha. Iliniuma, siwafichi, na hadi leo inaniuma. Siku zilizobaki nililala barazani kwa Bi Zuhura, na mpwa wake akaja kulala nasi isije ikawa maneno.

Sasa nimestaafu, nimepanga chumba Mombasa. Mkataba niliutaka kabla ya kuingiza godoro. Majuzi mwenye nyumba, kijana mpole, kaja akaniambia, "Mzee, wewe hushindi ndani. Niachie ufunguo, mafundi wakupakie rangi ukiwa matembezini."

Nikacheka mpaka akashangaa. Nikamwambia waje, rangi ipakwe, nami nitakuwapo. Walipofika nikatoa kiti changu, nikakiweka mlangoni, nikakaa. Nilikaa kutwa nzima.