Mwanangu Alivyomkimbiza Nyanya Yake

Mke wangu alifariki mtoto wetu akiwa na miezi minane. Mama mkwe alikuja kwenye mazishi kutoka Ntimaru pamoja na watu wa kwao, akampakata mjukuu kidogo kabla gari lao halijaondoka, kisha akanitumia neno kupitia kwa shemeji yangu: mtoto akijua kutembea, umlete. Nikasema nitamleta. Mtoto akatembea, akakimbia, akaanza hata kunijibu kijeuri, na bado nilikuwa sijampeleka.

Visingizio nilikuwa navyo tele. Mimi ni fundi wa injini za mashua hapa Homa Bay, na injini haziachi kuharibika eti kwa sababu mtu ana wakwe wa kutembelea. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuingia katika ule ua peke yangu, bila yule aliyenifanya nikawa mkwe wa pale.

Kwa hiyo mtoto alimjua nyanya yake kwa simu tu. Kila Jumapili shemeji alipiga, mimi nikampa mtoto simu, naye akaenda nayo chini ya meza wakaongea mambo yao. Hata Jumapili moja shemeji akaniambia nisubiri kwanza.

“Shemeji, usikasirike,” alisema. “Mama anauliza, huyu mtoto bado ni wetu, ama mliamua ni wenu peke yenu?”

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumamosi yake tukaondoka alfajiri, mimi na binti yangu wa miaka minne kasoro, na mfuko wa samaki wa ziwani, omena na mbuta wa kukaanga, uliotutangulia kwa harufu kila tulipoingia.

Mpaka Migori mjini mtoto alikuwa mtulivu. Tulipoiacha njia kuu na kuanza kupanda kuelekea Kehancha, alisimama juu ya mapaja yangu na kushika kioo cha gari kwa mikono miwili. Ni mtoto wa ziwani. Alizoea mlima mmoja, Asego, ule unaosimama juu ya mji wetu, na nadhani aliamini dunia ilipewa mmoja tu. Sasa milima ilikuwa inatokea kila upande, mmoja nyuma ya mwingine, ya mwisho imefifia hadi huwezi kusema ni mlima au ni wingu.

“Baba, hizi Asego zote ni za nani?”

“Za kina mama yako,” nilisema. Ilinitoka tu.

Akaitazama kama mtu aliyeambiwa amerithi. Baada ya muda akauliza, “Na ziwa yao iko wapi?”

“Hawana ziwa.”

“Sasa wanaoga wapi?”

Abiria wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini macho yangu hayakutoka dirishani. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara mbili tu maishani, nikienda kuposa na nikipeleka ng'ombe wa mahari, na mara zote mbili nilikuwa na hofu nyingi mno kuona chochote. Sasa niliona udongo mwekundu, majani ya tumbaku yaliyotundikwa vibandani, mashamba ya wimbi yaliyopanda mlima hadi mahali ambapo sijui mkulima husimamaje asianguke. Mke wangu aliwahi kuniambia kwao ni kuzuri. Nilimjibu kwamba kila mtu husifia kwao. Nilitamani kumwomba radhi.

Shemeji alitupokea barabarani. Tukiwa njiani alimwonyesha mtoto ng'ombe waliokuwa wakila majani ng'ambo ya shamba la mahindi. “Hao wako Tanzania,” alisema, maana mpaka unapita palepale. Mtoto aliwatazama kwa heshima kubwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ng'ombe wenyewe wanajua.

Sasa lazima nieleze jambo. Kwetu Waluo na kwao Wakuria, katika hili hatutofautiani: mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakaribiani. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Kwa hiyo tulipoingia uani, mama mkwe alisimama mlangoni pa jikoni, leso kichwani, macho chini, nami nikasimama karibu na lango, macho chini. Kati yetu palikuwa na ua mzima uliofagiliwa vizuri na kunyunyizwa maji. Mtoto ndiye aliyepaswa kuuvuka.

Nilimweka chini. Akapanda tena mguuni kwangu.

“Enda kwa Nyanya,” nilimwambia.

Alimkagua yule mama juu hadi chini. “Huyo si Nyanya. Nyanya iko kwa simu.”

Wanawake waliokuwa pale waliangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Niliona kwa pembe ya jicho jinsi alivyoishika leso yake kwa nguvu. Shemeji alijaribu kumbeba mtoto ampeleke, mtoto akapiga kelele ya kuamsha kijiji. Akaletewa ndizi, akazikataa. Akaletewa maziwa, akazika uso shingoni kwangu. Ndipo nyanya yake akaita mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili wanachoongea Jumapili: “Kuja, mama. Kuja uone Nyanya.”

Mtoto alishtuka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, akatoa simu, akaiweka sikioni. Alisikiliza. Simu haikusema kitu. Akanitazama kana kwamba nimeiharibu mimi.

Nina hasira za karibu, hilo najua. Injini ikinikatalia huwa naipiga kwa spana, ingawa sijawahi kuona imesaidia. Nilifikiria miaka mitatu aliyosubiri yule mama, nikafikiria swali lake, nikaona mtoto anakaribia kulijibu vibaya mbele ya ukoo mzima. Basi nikamkumbatia kifuani na kuanza kuvuka ua, moja kwa moja, kama mtu anayepeleka mzigo.

“Weee! Mkwe! Simama hapo! Unaenda wapi?” wanawake walipiga kelele.

Nilikuwa nimefika katikati. Mama mkwe alijifunika leso usoni, akageuka, akatimua mbio kuzunguka nyuma ya ghala la mahindi. Mama wa umri ule, kukimbizwa na mkwe wake nyumbani kwake! Nilitaka ardhi ipasuke.

Halafu nikasikia mtoto anacheka sikioni mwangu.

“Anajificha!” alisema. “Baba, anajificha! Niache!”

Akateleza hadi chini na kwenda mbio kuelekea ghalani. Mimi niligeuza uso haraka, kama inavyopasa. Kisha, nitasema kweli, nikachungulia. Ghala lile limeinuliwa juu ya vigogo, na chini yake kuna nafasi. Mila inakataza uso na mkono. Sikumbuki mtu yeyote kunitajia miguu. Niliona viatu vya plastiki vya rangi ya kahawia vikienda upande huu, na miguu midogo myekundu kwa udongo ikivifuata. Viatu vikageuka, miguu ikageuka. Viatu vikasimama. Miguu midogo ikavifikia, ikasimama pia, vidole vikigusana na plastiki.

Wanawake uani walinyoosha shingo. Hata kuku, naapa, walitazama.

Kisha ile miguu midogo ikaondoka ardhini.

Ndipo mama mkwe akacheka. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akicheka, maana mkwe hakai karibu kiasi hicho. Kicheko kilianzia chini kooni, kikasita kidogo kama kinachoomba ruhusa, halafu kikapanda juu kwa ghafla. Nilikifahamu. Nilikisikia kila siku ndoani mwangu, na nilikuwa na hakika kwamba tulikizika pamoja na mke wangu.

“Shemeji, ni nini?” aliuliza shemeji yangu.

Nilikaa chini palepale katikati ya ua, mtu mzima mbele ya wakwe zake, nikisikiliza, nikimwomba Mungu mtoto asikubali kushuka.