Mtani Wangu Alicheka Tulipovuta Kamba

Nimeua. Sitafuti neno laini. Mtani wangu Maganga alikuwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu la zamani, kule Nyarugusu, na sisi juu, mimi na Ngassa na Kulwa, tukaivuta kamba yote tukamwacha hana pa kupandia. Unajua alifanya nini? Alicheka!

"We Msukuma, rudisha kamba! Utani gani huu wa mchana na njaa?"

Jamani! Alidhani ni utani. Alidhani mimi ni mtu!

Ngoja nirudi nyuma. Mimi ni wa Ibadakuli, Shinyanga. Shule niliacha darasa la nne nikachunge ng'ombe, ukubwani nikaenda kuchimba. Tulikuwa tunafukiwa kama panya kwenye maduara ya bosi mmoja aliyekataa kubadili matimba, ile miti inayozuia udongo usituangukie. Imeoza, yeye anasema bado mizima. Ukilalamika, unafukuzwa.

Ndipo Ngassa akaanzisha chama cha siri. Yeye, Kulwa, halafu mimi wa tatu. Kiapo chetu kilikuwa kulamba udongo wa duara: usitaje chama, usitaje mwenzako. Tukishaenea kila duara, siku moja wote tugome, tuyachukue maduara tuyaendeshe wenyewe. Ngassa akasema nyuma yetu yuko Mkubwa serikalini, ndiye atakayetoa ishara. Jina lake haliulizwi. Na mimi mjinga nikaamini! Nikaingiza watu kwa sifa za Mkubwa nisiyemjua hata sura.

Maganga nilimwingiza mwenyewe. Yeye Mnyamwezi wa Nzega, mimi Msukuma, na mnajua watani hatununiani. Lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Siku moja kwa mama ntilie, watu wamejaa, akaninyooshea kijiko:

"Mama, huyu usimpe ugali. Siku hizi anakula udongo kama mjamzito! Muulize mimba ya nani. Atakwambia ya Mkubwa!"

Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Ngassa hakucheka.

"Nani alimleta yule?" aliniuliza tulipotoka.

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utamwita. Tunamtisha tu. Akilia, tunamtoa."

Ningesema yule ni mtani wangu, ndivyo tunavyoongea! Sikusema. Niliogopa na mimi nitaitwa msaliti. Nikamwambia Maganga kuna mwamba mzuri umeonekana kwenye duara lililoachwa. Akashuka bila wasiwasi, maana kamba ameshika mtani wake.

Alipoona haturudishi kamba alitutukana, bado anacheka, akaanza kupanda kwa kukanyaga matimba. Matimba mabovu yaleyale! Yakakatika. Udongo ukamfunika.

Nikapiga kelele, nikashusha kamba, nikamfuata. Udongo ukaporomoka tena ukanibana kiunoni. Walionifukua ni wachimbaji wengine waliosikia kelele. Ngassa na Kulwa walishakimbia. Mguu huu naukokota mpaka leo.

Ngassa alikuja hospitali mara moja tu. "Sema alijiingiza mwenyewe shimoni kuiba mawe ya dhahabu."

Nikamuuliza, Mkubwa anasemaje?

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto. "Mkubwa gani? Nisingesema yupo, nani angenifuata?"

Mungu wangu! Na bado uongo ule nikausema. Nilisema kwa polisi, nikasema na msibani, mbele ya mjane wake! Watoto wa Maganga wamekua wakiitwa watoto wa mwizi.

Ninyi mnaokula viapo huko machimboni, ulizeni! Anayekukataza kuuliza anajua hana jibu. Na ukiambiwa umtishe mwenzako kidogo tu, kataa, hata wakuite mwoga. Udongo haujui kutisha kidogo.

Juzi nilikwenda Nzega, nikamweleza mjane, Mama Kabula, yote. Hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Nimekusikia, shemeji. Na hao mlioshika nao kamba, mbona umekuja peke yako?"



Ngassa, leo una maduara yako mwenyewe, unaitwa bosi. Mimi nakwenda polisi kufuta uongo wangu, wanifunge wakitaka. Wewe na Kulwa nendeni Nzega mkamwambie Mama Kabula kwa midomo yenu kwamba mumewe hakuwa mwizi. Ameuliza mbona nimekwenda peke yangu. Mjibuni!